Bango la Mwalimu Kasiani Pale Kivukoni

Marahaba, wanangu. Marahaba na wewe unayesomea begani kwa mwenzako.

Nimesikia mmefungua duka la kuchapa mabango hapa Mlabani, na kwamba mashine yenu inaweza kumtoa mgombea mwenye ukubwa wa nyumba kabla chai haijapoa. Hongereni sana. Wiki iliyopita nilipita barabarani nikaiona kazi yenu moja. Sura nzuri, meno yote yapo, kola imenyooka. Lakini jina lake mmeliweka chini kabisa, usawa wa majani. Nilicheka peke yangu mpaka kijana wa bodaboda akasimama kuniuliza, "Mama, uko sawa?" Niko sawa. Ninyi ndio hamko sawa. Jina la mgombea haliwekwi chini, na sababu yake nitawaambia.

Naitwa Perpetua. Nimechora mabango katika bonde hili la Kilombero mpaka vidole vilipoanza kutetemeka, ndipo nikaacha. Aliyenifundisha kazi ni Fundi Damasi, mzee mfupi, mpole, aliyekuwa anavaa koti la mvua kila akishika brashi ili asichafue shati. Miaka ile ya tisini, vyama vilipokuwa vingi na kila mtu akagundua kwamba jirani yake anautaka udiwani, karakana yetu hapa Mlabani ilikuwa peke yake mji mzima. Maana yake ni kwamba tuliwachora wa pande zote. Asubuhi huyu, mchana mpinzani wake. Na pande zote mbili zilituangalia kwa wasiwasi.

Kwa hiyo Fundi Damasi aliweka sheria zake. Serikali ilikuwa na za kwake, na tulizifuata: usiweke bango shuleni, hospitalini, msikitini wala kanisani, usifunike bango la mwenzako, uchaguzi ukiisha, shusha. Lakini za Fundi Damasi zilikuwa kali zaidi. Katikati ya karakana alining'iniza turubai. Kulia chama hiki, kushoto chama kile, na aliyekuja kuangalia bango lake hakuruhusiwa hata kuchungulia upande wa pili. Herufi za pande zote zilipimwa kwa kijiti kimoja cha mwanzi alichokikata mwenyewe, asije mtu akasema mwenzake kapewa herufi nene. Na matusi hatukuandika. Alikuja bwana mmoja anataka tuandike kwamba mpinzani wake ni mwizi wa mbolea. Fundi akamwambia, "Bango liseme habari za mwenye bango. Habari za mwizi peleka polisi." Yule bwana akafikiri kidogo, kisha akasema basi tuandike Maendeleo kwa Wote.

Siri moja niwaambie, kwa kuwa sasa haimdhuru mtu. Neno Maendeleo tulikuwa tumelichonga kabisa kwenye kadibodi ya boksi la sabuni, herufi zote tisa, maana hakuna mgombea aliyewahi kuja bila kulitaka. Asubuhi tunalipitishia rangi kulia kwa turubai, tunaifuta kadibodi, mchana tunaipitishia kushoto. Ilipochoka tukachonga nyingine. Kama kuna kitu vyama vyote vilikubaliana enzi zile, ni ile kadibodi.

Sasa habari ya jina. Barabara ya kutoka Kidatu haikuwa na lami. Basi likipita Mkula wakati wa kiangazi, vumbi jekundu lilipanda mpaka kiunoni mwa bango na kukaa hapo hapo. Bango langu la kwanza kule niliandika jina chini, kwa herufi nilizozionea fahari, na juu nikamweka mgombea anatabasamu. Baada ya wiki moja likabaki tabasamu peke yake. Watu wakaanza kuulizana huyu ni nani. Mgombea mwenyewe aliposhuka hapo kunywa soda, mwenye duka akamwuliza, "Samahani kaka, huyu daktari wa meno anaanza lini kazi?" Alikuwa amesimama chini ya picha yake! Fundi hakunigombeza. Alinipa ndoo na kitambaa nikaenda kuliosha, na kabla sijakunja kitambaa, basi lingine likapita. Tangu siku hiyo, kwenye mabango yangu jina la mgombea linakaa juu, sura katikati, na chini naacha rangi tupu ambayo vumbi likiila hakuna anayelia. Najua lami imekuja. Lakini majani nayo yanakua, na mvua inarusha matope.

Halafu kuna ruhusa. Usichimbe shimo kwenye kiwanja cha watu kwa sababu tu umemkuta mtu amekaa hapo na amekubali. Kijijini Kiberege tulipewa ruhusa na bwana mmoja mkarimu sana, akatushikia nguzo, akatuletea na maji ya kunywa. Kumbe ni shemeji wa mwenye nyumba, amekuja kusalimia tu. Mwenye nyumba, mama mmoja wa chama kingine, alirudi kutoka sokoni akamkuta mgombea asiyemtaka anamkodolea macho mlangoni kwake. Hakupiga kelele. Alimng'oa taratibu, akamlaza juu ya mawe manne, akaanika makopa. Tulipofika na mgombea kukagua kazi, tuliikuta sura yake imejaa muhogo mpaka masikioni.

"Karibuni," mama akasema. "Bati lenu zuri, linakausha haraka."

Tulimwomba radhi, tukasubiri aanue, ndipo tukaondoka nalo. Baada ya hapo tuliomba ruhusa kwa maandishi, kwa mwenye kiwanja mwenyewe, na serikali ya kijiji tukaijulisha.

Na ng'ombe je? Wafugaji wa Kisukuma walikuwa wameanza kuingia bondeni na mifugo yao, na ng'ombe akiona nguzo katikati ya uwanda hafikirii siasa, anajikuna. Mabango yetu yakawa yanalala chini moja baada ya jingine, na kila chama kikakilaumu kingine. Nilikwenda kumwona mfugaji mmoja, Mzee Masanja, nikiwa nimejiandaa kugombana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya mabati yako?" Akaanza kucheka hata kabla sijakaa. "Yule mweupe pale ameshaangusha vyama viwili. Hana upendeleo. Wewe funga miiba kwenye nguzo, anzia chini mpaka usawa wa kifua cha ng'ombe. Na usichimbe kwenye njia yao ya maji. Ile wanapita kila siku, kampeni iwepo isiwepo."

Nilifunga miiba, mabango yakasimama. Ningekwenda kumwuliza mwezi mmoja mapema, ningeokoa magomvi mengi.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa sura. Mgombea alileta picha ya pasipoti, tukaipigia miraba midogo kwa penseli, na kwenye bati tukapiga miraba ile ile mikubwa kwa uzi wenye chaki. Kisha unahamisha mraba mmoja mmoja. Mraba huu una nusu ya sikio, huu una tundu la pua. Ukifanya hivyo humwoni mtu, unaona vipande tu, na ni salama zaidi, maana ukimwona mtu unaanza kumpendelea. Wagombea nao walikuwa na maombi yao: ondoa mvi, ongeza shingo, masikio nipunguzie kidogo. Fundi Damasi aliwajibu kwa heshima, "Sasa mheshimiwa, siku ya kwenda kuwasalimia hao watu utakwenda na masikio yapi?" Mchoreni mtu alivyo, wanangu, ili akibisha hodi atambulike.

Basi. Nimezunguka vya kutosha. Nilichotaka kuwaambia tangu mwanzo ni habari ya Kivukoni, na nimekuwa nikiikwepa kwa sababu bado inaniuma.

Enzi hizo daraja halikuwepo. Aliyekwenda Mahenge au Malinyi alivuka mto Kilombero kwa pantoni, na pantoni ilikuwa na mambo yake. Leo ipo, leo iko ng'ambo, leo inatengenezwa. Watu walisubiri saa moja, saa tatu, wengine walipika kabisa. Barabarani mtu anasoma maneno matatu na basi limeshapita. Kivukoni mtu analisoma bango lote, analirudia, kisha anaanza kuhesabu vifungo vya shati la mgombea. Hakuna mahali pazuri kuliko pale kwa bango zuri, na hakuna mahali pabaya kuliko pale kwa bango lenye kosa.

Aliyelitaka bango la pale alikuwa Mwalimu Kasiani, mgombea udiwani. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya mji huu, na mimi nikiwemo, darasa la nne. Mrefu, mkavu, hacheki hovyo. Mpinzani wake alikuwa Bwana Shabani, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mtu wa utani na kila mtu. Wenyewe wawili waliheshimiana. Wafuasi wao ndio walikuwa hawapikiki chungu kimoja.

Wakati huo Fundi Damasi alikuwa na mtoto wa jicho. Siku moja kabla ya kwenda kufanyiwa upasuaji, aliniita, akanipa kile kijiti chake cha mwanzi. "Hili la Kivukoni lichore wewe, sura na kila kitu," akasema. "Likitoka vizuri, weka jina lako kwenye kona. Na uchaguzi ukiisha, karakana hii nakuachia." Nilikuwa mama wa watoto wawili, nimemfanyia kazi mtu miaka mingi, na jina langu halikuwa limeandikwa popote isipokuwa kwenye kitabu cha ubatizo. Mnaweza kufikiria nilivyojisikia.

Bati jipya halikuwepo. Lililokuwepo ni la zamani, tulilipata kwa Seremala Otmari, mtengeneza majeneza wa jirani na stesheni, aliyekuwa amebadilisha bango lake. Kwenye lile bati kulikuwa kumeandikwa kwa rangi nyekundu: MAJENEZA YA MNINGA. TUPO SAA ZOTE.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Ile nyekundu ya bei rahisi ina tabia ya kupanda. Ukiifunika kwa nyeupe tu, inatulia, unafikiri imekwisha. Kisha jua likiipiga siku kadhaa inaanza kupenya juu, polepole. Dawa yake Fundi alinifundisha mwaka wa kwanza: kwangua, piga msasa, paka rangi ya fedha iwe ndiyo rangi ya chini, iache siku mbili, ndipo upake nyeupe mara mbili. Nilikuwa naijua hiyo hata usingizini. Lakini nilitaka Fundi akitoka hospitali alikute bango limesimama. Nikakwangua juu juu. Rangi ya fedha nikaiangalia kwenye kopo lake rafuni, nikasema moyoni, mara hii tu. Nikapaka nyeupe mara moja, na kesho yake nikaanza kupiga miraba.

Sura ilitoka vizuri jamani. Sijawahi kuchora tena sura kama ile. Mwalimu alikuja kuiona, akasimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma, namna alivyokuwa akisimama mbele ya ubao. Akasema, "Huyu namfahamu." Kwa Mwalimu Kasiani hiyo ilikuwa sifa kubwa. Tukalisimamisha Kivukoni, miiba kwenye nguzo, jina juu, ruhusa mfukoni. Kila kitu kwa utaratibu, isipokuwa kile kimoja.

Haikufika wiki mbili, akaja karakana mama mmoja muuza samaki wa kukaanga wa pale pale Kivukoni. Hata beseni hakulitua. "Perpetua, njoo uone. Kuna neno linaota kwenye paji la uso la Mwalimu."

Nilikwenda mbio kwa baiskeli. Magari yalikuwa yamepanga foleni, watu wote wameshuka, wamelizunguka bango. Kwenye paji la uso la Mwalimu, kwa wekundu hafifu lakini unaosomeka vizuri kabisa, palikuwa na neno MAJENEZA. Chini ya tai: TUPO SAA ZOTE. Na juu, chini ya jina lake, kwa herufi nzuri za kadibodi, MAENDELEO KWA WOTE.

"Sasa hii ni ahadi au ni tishio?" akauliza mama mmoja.

"Mimi huyu nampa kura," akajibu babu mmoja aliyekaa juu ya gunia lake. "Wengine wote wanaahidi vitu visivyokuja. Hiki kitakuja."

Watu wakaangua kicheko. Nami ningecheka kama lingekuwa bango la fundi mwingine.

Kufika jioni kicheko kilikuwa kimekwisha. Wafuasi wa Mwalimu walisema ni uchawi wa upande wa Bwana Shabani, wengine wakasema si uchawi, ni karakana imenunuliwa. Vijana wakaapa kwamba kesho hakuna bango la Shabani litakalobaki limesimama, na wa upande ule nao wakasema waje wajaribu. Mtendaji wa Kata aliposikia, akaamuru bango lishushwe, liletwe ofisini kwake, na pande zote zifike asubuhi pamoja nasi. Alisema wazi: ikithibitika tumefanya hujuma, hatutagusa tena bango la mtu yeyote, na jambo litakwenda polisi.

Asubuhi uwanja wa ofisi ulijaa. Mwalimu Kasiani alikaa upande mmoja, Bwana Shabani upande wa pili, na katikati bango limeegemezwa ukutani, linatutazama sote na lile neno usoni. Fundi Damasi alikuwa ametoka hospitali jana yake, jicho moja limefungwa bandeji. Nilikuwa nimemweleza yote usiku uliopita. Sasa, kabla Mtendaji hajauliza, akasimama.

"Kosa ni langu," akasema. "Macho yangu hayaoni vizuri. Bati sikuliandaa. Ningepaswa kuwa nimeshaacha kazi hii."

Watu wakaguna kwa huruma. Mtendaji akashusha kalamu. Ilikuwa imekwisha, wanangu. Mzee mgonjwa wa macho, nani atamshitaki? Ningekaa kimya tu, yote yangepita. Na baada ya hapo nani angempelekea Fundi Damasi kazi? Jina alilolijenga kwa kijiti kimoja na turubai moja, lingefia pale uwanjani kwa ajili ya kopo la rangi nililoona uvivu kulifungua. Niseme ukweli: nilikaa kimya kwanza. Si kidogo. Nilikaa mpaka Mtendaji alipoanza kusema, "Basi, kwa kuwa mzee amekiri..."

Nikasimama. "Si yeye. Alikuwa hospitali. Ni mimi."

Nikaomba kisu. Nikapiga magoti mbele ya bango, nikakwangua ile nyeupe pembeni ya sikio la Mwalimu. Chini yake ikatokea nyekundu, nzito, mbichi kama ilipakwa jana. Nikakwangua zaidi, ikatokea herufi nzima. Nyuma ya watu ikasikika sauti, "Eh! Hilo si bango langu?"

Alikuwa Seremala Otmari, amekuja kutazama kama wengine. Akasogea, akalikagua. "Mwandiko wangu kabisa huu. Ndiyo maana wiki hii watu wa ng'ambo wamenijia wananiuliza majeneza! Nikasema nani ananitangazia?"

Bwana Shabani alikuwa wa kwanza kucheka, akashindwa kujizuia, mpaka akafuta machozi kwa kofia. "Mwalimu, wallahi," akasema, "mimi nakoboa mpunga tu. Majeneza sijaanza." Vijana waliokuja na mawe mifukoni wakaanza kutazamana. Uchawi ulikuwa umekwisha, umekuwa rangi.

Lakini Mwalimu Kasiani hakucheka. Alinitazama, na mimi nikarudi darasa la nne pale pale.

"Perpetua. Bati la zamani linaandaliwaje?"

"Unakwangua, Mwalimu. Unapiga msasa. Unapaka rangi ya fedha."

"Kisha?"

"Unaacha siku mbili. Unapaka nyeupe mara mbili."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nyeupe mara moja, Mwalimu."

"Rudia kazi," akasema. "Na urudie pale pale Kivukoni, mbele ya wote walioisoma."

Basi nikarudia. Nililikwangua lile bango juani, mbele ya foleni ya pantoni, kila anayevuka akinishauri la kwake. Nikapaka rangi ya fedha, nikaiacha siku mbili kamili, na kwa siku hizo mbili palikuwa na bango tupu la rangi ya fedha, watu wakaulizana ni chama gani kipya. Fundi Damasi alikaa karibu yangu kwenye kigoda na bandeji yake, ameshika kijiti. Nilipomaliza sura kwa mara ya pili, akanionyesha kona ya chini. "Sasa weka jina lako."

"Baada ya aibu yote hii, Fundi?"

"Ndiyo. Watu wakiona kosa wajue waende kwa nani."

Ndiyo maana nawaambia, na hii ishikeni kuliko yote: wekeni jina la duka lenu kwenye kona ya kila bango la kampeni, lile la sifa na lile la aibu. Bango lisilo na jina la aliyelitengeneza, kila mtu atalitafutia mchawi.

Mwalimu Kasiani alishindwa. Bwana Shabani akawa diwani, na alikuwa diwani mzuri, siwezi kusema uongo. Lakini niliumia sana. Mpaka leo sijui kama ni lile bango langu, na hakuna wa kuniambia.

Matokeo yalipotoka tukaanza kushusha mabango, kama sheria inavyotaka. Nilikuwa Kivukoni nang'oa misumari, nikamwona Mwalimu anakuja peke yake kwa baiskeli. Nilimwamkia, nikashindwa kumtazama.

"Usiangalie chini hivyo," akasema. "Shabani amewakobolea mpunga miaka kumi. Mimi nimewachapa viboko miaka thelathini. Ulitegemea nini?"

Nikacheka huku machozi yananitoka. Naye, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akacheka pia. Akanisaidia kulishusha bati. Tulipolilaza chini akasimama kulitazama, kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Siku yangu ikifika, msalaba wangu uandike wewe."

"Mwalimu, usiseme maneno hayo."

"Nasema. Nimeshamwambia na mama watoto." Akapanda baiskeli, akaenda hatua chache, akasimama, akageuka. "Lakini, Perpetua."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Rangi ya chini."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Karakana ikawa yangu, Fundi Damasi akatangulia, turubai nikalibadilisha mara tatu, kijiti ni kile kile. Kisha mke wa Mwalimu akaja asubuhi moja, amejifunga kitenge cheusi, na nyuma yake Seremala Otmari amebeba msalaba wa mninga aliouranda mwenyewe. Ule wa haraka ulikuwa umeshawekwa siku ya mazishi. Huu ndio wa kudumu. Ulikuwa wa mbao mpya kabisa, haujawahi kuguswa na rangi ya mtu. Nikaupiga msasa hata hivyo. Nikapaka rangi ya fedha. Ndugu wakaja kuuchukua, nikawarudisha. Wakaja tena, nikawarudisha tena. Siku mbili ni siku mbili. Kisha nyeupe, mara ya kwanza, nikasubiri, mara ya pili. Jina nikaliweka juu, mbali na vumbi. Na nyuma, chini kabisa, kwa herufi ndogo, nikaandika Perpetua.

Kila Novemba, tukienda kusafisha makaburi, naanzia kwake. Mwaka jana nilipiga magoti, nikaufuta msalaba kwa kitenge, nikausogelea sana maana macho yangu nayo yameanza. Nikautafuta wekundu kwenye kila pembe. Haupo. Nyeupe ni nyeupe.

Nikasimama, nikaweka mikono nyuma, nikamwambia, "Mwalimu, nimerudia. Sahihisha."